Risasi haitui ulikolenga: kutafuta chanzo cha hitilafu kwenye shabaha za masafa marefu

Mpiga shabaha akikosa kwenye mita 900, mara nyingi kitu cha kwanza anachoshika ni simu. Anachezea namba za programu ya balistiki mpaka zikubaliane na tundu alilolipata, na siku hiyo mambo yanakaa sawa. Wiki inayofuata hewa ikibadilika, anaanza upya. Skrubu iliyolegea haitibiwi kwa kubadilisha BC, ile namba ya programu inayoonyesha jinsi risasi inavyopasua hewa. Ndiyo maana hapa chini tunaanza na mambo unayoweza kukagua na kupima, na kurekebisha namba za programu kunakuja mwisho.

Mifano imehesabiwa kwa .308 Winchester, kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) cha greni 175, yaani gramu 11.3, kasi ya mita 790 kwa sekunde mdomoni mwa mtutu, usawa wa bahari, ziro ya mita 100, yaani risasi inatua palepale unapolenga kwenye umbali huo. Bunduki yako ikiwa nyingine, namba zitabadilika ila sababu ni zile zile. Kumbuka pia vipimo viwili vya pembe vya darubini: mili 1 ni sentimita 10 kwenye mita 100, MOA 1 ni milimita 29 kwenye umbali huohuo, na mili 1 ni sawa na MOA 3.44.

Ukaguzi wowote wa skrubu, darubini au mtutu hufanywa bunduki ikiwa tupu, bolti imetolewa, na risasi zimewekwa mbali na meza.

Kundi la matundu limetawanyika hata kwenye mita 100

Bunduki isiyoweza kuweka risasi 5 ndani ya MOA 1.5, yaani sentimita 4 na kidogo, haina sababu ya kupelekwa mita 900. Malizana nayo hapa kwanza.

Anza na skrubu, kwa sababu ndizo zinazoongoza. Kagua pete za darubini, reli iliyozibeba, na skrubu mbili zinazoshikilia bunduki kwenye kitako. Tumia spana ya kupimia mkazo, maana mkono hudanganya. Pete nyingi hutaka Nm 1.7 hadi 2.0, skrubu za kitako hufuata kitabu cha mtengenezaji, kwa kuwa kitako cha mbao na chenye nguzo za alumini havikazwi sawa. Kisha fanya jaribio hili: simamisha bunduki kwa kitako, weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya mbele ya kitako, halafu legeza na kukaza skrubu ya mbele polepole. Ukihisi mtutu unasogea chini ya kidole, bunduki haijakaa vizuri kwenye kitako chake, na hiyo ni kazi ya fundi bunduki.

Pitisha karatasi kati ya mtutu unaoelea (usiotakiwa kugusa kitako mbele ya chemba) na kitako, kuanzia mbele hadi karibu na chemba. Ikikwama mahali, mtutu unagusa.

Halafu kagua paralaksi. Egemeza bunduki imara, lenga, kisha sogeza kichwa juu, chini na pembeni bila kuigusa. Msalaba wa kulengea ukitembea juu ya shabaha, zungusha nobu ya paralaksi mpaka utulie. Usiamini namba zilizochapwa kwenye nobu hiyo. Mara nyingi ni makadirio tu.

Hapo ndipo umshuku mpigaji na risasi zake. Mpe mtu mwingine bunduki hiyohiyo, kisha piga risasi za kiwandani za daraja la mashindano badala ya zile ulizojaza mwenyewe. Kundi likirudi, umempata mwenye kosa.

Kama bado, chunguza mtutu. Kitambaa chenye dawa ya kuondoa shaba kikitoka na rangi ya bluu au kijani, safisha mpaka kitoke cheupe, ukitumia dawa iliyoruhusiwa kwa mtutu wako. Mwisho kabisa, chukua kijiti chenye pamba na uvute kutoka ndani kwenda nje kuzunguka ukingo wa mdomo wa mtutu. Pakinasa nyuzi za pamba, ukingo una jeraha. Usijaribu kulisugua kwa msasa. Fundi mwenye mashine ya kukerezea atalimaliza kwa muda mfupi, wewe utaliongeza.

Mita 100 safi, lakini mbali kundi linarefuka kwenda juu na chini

Hapa mshukiwa mkuu ni kasi isiyolingana. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi mbili haionekani kwenye mita 100. Kwenye mita 900 inazitenganisha kwa takriban sentimita 25. Pima kwa kronografu, na pima risasi 20. Risasi 5 hazisemi kitu cha kuaminika kuhusu mtawanyiko wa kasi, hata zikitoa namba ya kufurahisha.

Kipimo kizuri zaidi hakigharimu chochote: andika kasi ya kila risasi na kimo ilichotua. Zile za kasi zikiwa juu na za polepole zikiwa chini, risasi ndizo zenye shida. Kusipokuwa na uhusiano wowote, acha risasi na uangalie mkao wako, mfuko wa mchanga ulio nyuma, na darubini.

Upande wa risasi, sababu kwa mpangilio ni uzito wa baruti usiolingana, shingo za maganda zisizobana sawasawa, na maganda au fataki (vile vidonge vya kuwashia baruti) za aina mbalimbali zilizochanganywa. Mizani ya kupimia baruti inahitaji kuwashwa mapema itulie na kuhakikiwa kwa jiwe la kipimo kabla ya kazi, na isiwe karibu na feni.

Kuna moja linalosahaulika. Mtutu umepata moto, mpigaji ameingiza risasi, anasubiri upepo utulie. Dakika moja inapita. Baruti ndani ya chemba inapashwa, kasi inapanda, risasi inatua juu, na yeye anaandika kwamba upepo umeigeuza. Ingiza risasi pale tu ukiwa tayari kupiga. Jua nalo lina kazi yake hapo: baruti inayosumbuliwa na joto inaweza kubadilisha kasi kwa karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, kwa hiyo kisanduku cha risasi kikae kivulini.

Mkao unafuata. Mfuko wa nyuma uliojazwa nusu huachia kitako kuzama kila mara bunduki inaporudi nyuma, na bega linalosukuma kwa nguvu tofauti huandika mstari wa wima uleule. Baada ya kila risasi tazama msalaba uliporudia. Ukirudi shabahani karibu palepale, mkao ni mzuri.

Angalizo kuhusu kronografu inayofungwa kwenye mtutu wenyewe: inapima kasi vizuri lakini uzito wake unabadilisha namna mtutu unavyotikisika. Kasi ichukue hapo. Kundi lipime siku nyingine, kifaa kikiwa kimetolewa.

Kundi ni zuri, ila linatua juu au chini ya hesabu

Sehemu hii ndiyo yenye malalamiko mengi, na ndiyo yenye majibu mepesi zaidi.

Umbali. Uwanja wa yadi 1000 una mita 914. Aliyeandika 1000 kwenye programu iliyowekwa kwa mita atapiga juu kwa zaidi ya mita moja na nusu. Huko mwishoni risasi inashuka kwa mteremko mkali kiasi kwamba kosa la mita 10 za umbali pekee linaleta kama sentimita 20.

Ziro. Mili 0.1 ya kosa kwenye mita 100 ni sentimita moja, na wengi huipuuza kwa kuwa haizidi sana upana wa tundu. Kwenye mita 900 imekuwa sentimita 9. Weka ziro kwa katikati ya risasi 10, siku isiyo na upepo, halafu angalia kama nobu yenyewe imefungwa kwenye sifuri baada ya kurekebisha.

Shinikizo la hewa. Hili linawanasa hata wazoefu. Vituo vya hali ya hewa hutangaza shinikizo lililorekebishwa kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, wakati risasi inapita kwenye hewa halisi ya pale ulipo. Kwenye mwinuko wa mita 1500, shinikizo halisi ni karibu hPa 845. Tangazo litasema 1013 au jirani yake. Ukiingiza 1013 kama shinikizo la mahali, programu itadhani hewa ni nzito, itakuambia uinue lengo kupita kiasi, na kwenye mita 900 utapiga juu kwa karibu mita nzima. Kosa la pili ni kinyume chake: kuingiza shinikizo halisi lililopimwa mkononi na hapohapo kuacha programu ikate tena kwa sababu ya mwinuko. Chagua njia moja. Kifaa cha mkononi kinachosoma shinikizo la mahali ndicho salama zaidi, na sehemu ya mwinuko kwenye programu izimwe.

Kasi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la risasi ilipimwa kwenye mtutu wa kiwanda, na mtutu wako huenda ni mfupi zaidi. Pima kasi ya bunduki yako.

Darubini. Bunduki ya mfano wetu inahitaji takriban mili 11 kufika mita 900. Ukizungusha nobu mili 11, je, msalaba unasogea mili 11 kweli? Simamisha ubao mrefu kwa umbali wa mita 100 uliopimwa kwa futi kamba, ning'iniza timazi juu yake, weka alama ya sentimita 100 kutoka alama ya kuanzia. Banisha bunduki tupu isisogee, lenga alama ya chini, zungusha mili 10 huku ukitazama. Msalaba lazima utembee sentimita 100 kamili juu ya uzi wa timazi. Ukitembea 98, darubini inatoa asilimia 98 ya unachoiomba, na kwa mili 11 hiyo ni sentimita 20 za upungufu kwenye mita 900. Kosa lisilobadilika linaweza kuandikwa kwenye programu kama kipimo cha marekebisho ya darubini. Lakini rudisha nobu kwenye sifuri mara kadhaa: msalaba usiporudi mahali pake, darubini imeharibika ndani na irudishwe kwa mtengenezaji. Usiifungue, kwani imejazwa gesi kavu na ikifunguka itaanza kufanya ukungu.

BC na muundo wake. Kichwa kimoja kina BC mbili, ya G1 na ya G7, kila moja ikilinganisha kichwa na umbo tofauti la mfano. Kwa greni 175 ya Sierra MatchKing, G1 ni karibu 0.505 na G7 ni karibu 0.243. Ukiweka namba ya kwanza mahali pa ya pili, programu itadhani risasi inapasua hewa mara mbili vizuri kuliko ilivyo, itakuambia uinue lengo kidogo mno, na utapiga chini sana. Kwa vichwa virefu vyenye mkia uliopunguzwa tumia G7.

Hayo yote yakishapita, na si kabla, ndipo urekebishe namba za programu kwa kile shabaha inachoonyesha. Rekebisha kasi kwenye umbali ambao risasi bado iko juu kabisa ya kasi ya sauti, kwa mfano mita 600 hadi 750. BC iguswe baadaye, kwa umbali wa mbali zaidi. Marekebisho ya kasi yakidai zaidi ya mita 10 kwa sekunde tofauti na kronografu nzuri, rudi juu ya orodha. Kuna kitu umekiruka.

Kundi linahama kushoto au kulia

Upepo, kwa kweli, ndio chanzo cha sehemu kubwa ya haya. Upepo wa ubavuni wa mita 1 kwa sekunde unasukuma risasi kama sentimita 4 kwenye mita 300 na karibu nusu mita kwenye mita 900. Duara la alama kamili kwenye F-Class (mashindano ya bunduki ya masafa marefu, mpigaji akiwa amelala) ya yadi 1000 lina kipenyo cha takriban sentimita 25. Kukosea upepo kwa robo mita kwa sekunde kunatosha kukupeleka ukingoni.

Makosa ya kusoma upepo ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kusahau pembe: upepo wa nyuzi 30 kutoka mstari wa kulenga unahesabiwa nusu, wa 45 unahesabiwa 0.7, na wa 60 karibu 0.9. Wengi hudhani 45 ni nusu. La pili ni kuangalia bendera zilizo karibu na shabaha peke yake, wakati upepo wa theluthi ya kwanza ya safari una uzito zaidi, kwa sababu mwelekeo unaopotoshwa mapema una muda mrefu wa kuzaa kosa. La tatu ni kupima upepo kwenye usawa wa nyasi. Risasi inayokwenda mita 900 hupanda hadi karibu mita 3 juu ya mstari wa kulenga, na huko upepo huwa na nguvu zaidi. Mazigazi husaidia: rudisha fokasi ya darubini ya kutazamia katikati ya uwanja na uangalie mawimbi yanakokimbilia. Yakichemka wima kama sufuria, upepo uko usoni au mgongoni mwako, na unaweza kugeuka upande wowote, subiri.

Kama siku haina upepo na bado risasi zinakwenda upande mmoja, angalia kuinama kwa bunduki. Nyuzi 1 tu ya kuinama, ukiwa umezungusha mili 11, inapeleka risasi sentimita 17 hivi kuelekea upande ilikoinamia, na chini kwa kiasi kisichoonekana. Funga pimamaji kwenye darubini, kisha ulihakikishe dhidi ya timazi ileile ya jaribio lililopita: msalaba unaoacha uzi unapopanda unaonyesha kwamba darubini yenyewe imefungwa ikiwa imepinda.

Kinachobaki baada ya hapo ni kidogo na kinatabirika. Mtutu wa msokoto wa kulia, yaani wenye mifereji ya ndani inayoizungusha risasi kwenda kulia, huipeleka risasi kulia kwa karibu sentimita 20 kwenye mita 900. Mzunguko wa dunia unaongeza kama sentimita 7 kwenye latitudo ya 45, kulia upande wa kaskazini mwa ikweta na kushoto upande wa kusini; kwenye ikweta hakuna kitu cha pembeni, ila huko ndiko risasi ya mashariki hupanda zaidi na ya magharibi hushuka zaidi. Programu nyingi zina sehemu ya kuwasha haya. Mpiga shabaha ambaye tayari ameyafidia kwa kusogeza ziro yake kulia au kushoto asiwashe, atakuwa anayahesabu mara mbili.

Jambo moja linawashangaza watu: upepo wa ubavuni unasogeza risasi kwa wima pia. Kwa msokoto wa kulia, upepo unaotoka kulia huinua na unaotoka kushoto hushusha, karibu mili 0.1 kwa upepo wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde. Ukiona matundu yamejipanga mshazari kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, usiilaumu baruti. Ni upepo uliokuwa ukigeuka.

Tundu lina umbo la yai, au risasi imeingia ubavu

Likitokea kwenye mita 100, karibu kila mara msokoto wa mtutu ni mdogo kwa urefu wa kichwa hicho. Kinachohusika hapa ni urefu zaidi ya uzito. Mfano wa wazi ni .223 Remington yenye msokoto wa 1:12 (mzunguko mmoja kila inchi 12) ikipiga kichwa cha greni 77: kinabiringika, ilhali 1:8 au 1:7 inakibeba bila shida. Hesabu kigezo cha utulivu (jinsi risasi inavyobaki imenyooka ikiruka) kwa kanuni ya Miller na ulenge 1.5 au zaidi. Chini ya 1.0 risasi haisimami kabisa. Hewa baridi na nzito hupunguza kigezo hicho, hivyo bunduki iliyoponea chupuchupu mlimani inaweza kushindwa asubuhi ya baridi pwani.

Kama mita 100 matundu ni duara safi na mbali yanakuwa ya yai, angalia kasi ya mwisho. Kati ya Mach 1.2 na 0.8 (Mach 1 ni kasi ya sauti), yaani takriban mita 408 hadi 272 kwa sekunde, nguvu za hewa kwenye kichwa hubadilika ghafla na kukiyumbisha kama pia inayokaribia kuzimika. Greni 175 ya mfano wetu inaingia eneo hilo kwenye mita 750 hadi 800 na huvumilia. Ndugu yake wa greni 168, mwenye mkia wa nyuzi 13 badala ya 9, anajulikana kwa kupoteza utulivu kabla ya yadi 1000. Dawa ni kubadilisha kichwa. Kuongeza baruti kupita jedwali la mtengenezaji si dawa.

Chunguza pia kama risasi iligusa ardhi kabla ya shabaha. Iliyoruka kutoka udongoni huingia ubavu, na ni ishara ya hatari kwa uwanja. Mjulishe msimamizi.

Risasi haifiki: moshi mwembamba wa kijivu njiani

Kichwa kimesambaratika hewani. Sababu ya kawaida ni ganda jembamba la kichwa likizungushwa kupita uwezo wake: mita 915 kwa sekunde kwenye msokoto wa 1:8 ni mizunguko karibu 270,000 kwa dakika. Mtutu mchafu, wenye moto au wenye koo (sehemu iliyo mbele tu ya chemba) lililokwanguka huongeza joto na msuguano. Punguza kasi, safisha, tumia kichwa chenye ganda nene. Kama kuna kifaa kilichofungwa mdomoni mwa mtutu, usipige tena kabla fundi hajahakikisha kwamba njia yake imenyooka. Alama ya shaba ndani ya kifaa hicho ni ushahidi kwamba risasi inakigusa.

Risasi ya kwanza tu ndiyo inayokosea

Mara nyingi ni mafuta yaliyobaki mtutuni. Pitisha vitambaa vikavu, piga risasi 2 au 3 za kuzoesha mtutu, ndipo uhesabu. Ikiendelea hivyo kila siku kwa kiasi kilekile, iandike daftarini peke yake na uifidie.

Simama, usiendelee kupiga

Mlio dhaifu usio wa kawaida, au risasi isiyosukuma bega: kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni. Risasi inayofuata itapasua bunduki. Toa bolti, angalia mtutu kutokea upande wa chemba, na ukiona kizuizi mpelekee fundi.

Fataki imegongwa lakini haikuwaka: mtutu ubaki umeelekea shabahani kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufungua.

Bolti nzito kufunguka, fataki iliyobapika au kutoboka, alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda, gesi inayorudi usoni: shinikizo limezidi. Hata kama kundi ni zuri, risasi zote za fungu hilo ziwekwe kando. Zikiwa zako, anza tena kwa kiwango cha chini cha jedwali. Zikiwa za kiwandani, andika namba ya fungu na umjulishe muuzaji. Hali ikitokea kwa risasi ambazo jana zilikuwa salama, mwambie fundi achunguze koo la mtutu kwa kamera: pete ya masizi magumu pale mbele ya chemba hupandisha shinikizo na kasi bila wewe kubadilisha kitu.